Visahani au mpira? Chambo cha kwanza cha kumtafuta maski

Jumamosi moja mwezi wa Mei shemeji yangu alinitumia picha kwa WhatsApp akiwa dukani. Ukuta mzima, toka usawa wa magoti hadi juu ya kichwa chake, umejaa vyambo bandia. Vingine vina singa kama mkia wa farasi, vingine ni vipande vya mti vya ukubwa wa mwiko wa ugali, vingine ni vya mpira, vinaning'inia ndani ya mifuko yao kama kambale waliovalishwa rangi za harusi. Chini ya picha ameandika: "Shemeji, kipi?"

Ana mwaka mmoja tangu ahamie Brooklyn Park, Minnesota, ambako Wakenya tuko wengi na sukuma wiki haikosekani. Wenzake kazini wamemwambukiza ugonjwa wa maski. Kwa aliyekulia Pwani kama mimi, njia ya karibu ya kumweleza samaki huyu ni kumfikiria mzia: mwili mrefu kama mkuki, taya la chini limechomoza, meno ya kukata mshipi kama wembe. Ila huyu ni wa maziwa na mito ya Amerika ya Kaskazini. Na mzia ukimpitishia kitu kinachong'aa hangoji kuambiwa. Maski hungoja. Atakifuata chambo chako hadi ubavuni mwa mashua, akutazame wewe na viatu vyako, kisha azame taratibu kama mzee aliyekuja dukani kuuliza bei tu. Waamerika humwita samaki wa mirusho elfu kumi. Ni chumvi, lakini si chumvi nyingi.

Chambo kimoja cha maski huuzwa kati ya dola 20 na 40, na vipo vinavyozidi hapo. Shemeji ana watoto na kodi ya nyumba, nami sikutaka maski amfanye maskini. Nikamjibu: chukua bakteli mbili, zile za visahani na singa, na mpira mmoja, utoke humo kabla hujaanza kusoma maandishi ya vifungashio. Akapiga simu kudai sababu. Tulizungumza karibu saa nzima, yeye bado amesimama mbele ya ukuta.

Anza na mkono

Wauzaji hupenda kulinganisha vyambo kwa rangi na kwa picha ya samaki aliyevuliwa navyo. Kwa anayeanza, kipimo changu ni kimoja: mkono wako utakirusha mara ngapi kabla haujaanza kudanganya? Piga hesabu. Mrusho mmoja na kuuvuta hadi mwisho ni kama dakika moja. Saa sita ziwani ni mirusho 360. Maski anaweza kuja katika mrusho wa 12 au wa 341, na ukifika huo wa 341 begani kunawaka moto, basi utauvuta ovyo, utautoa majini mapema, na yeye alikuwa mita mbili nyuma.

Kwa hiyo vifaa vyote navichukulia kuwa vimeshapatikana: fimbo nzito ya futi 8 na nusu au 9, rili kubwa (gurudumu la kukunjia mshipi) ya kulala juu ya fimbo, mshipi wa kusuka unaohimili ratili 80, na mbele yake kipande cha waya au cha fluorokaboni nene, aina ya plastiki, ya ratili 100 hadi 130 ili meno yasikate. Fimbo fupi ya kuvulia samaki wadogo usiijaribu. Mimi nilianza nayo, ikavunjika kipande cha juu kwa kurusha tu, samaki hata hajaonekana.

Bakteli: visahani na singa

Bakteli ni waya ulionyooka. Mbele umevishwa kisahani kimoja au viwili vya chuma vinavyozunguka ukivuta, na nyuma kuna kichaka cha singa za mkia wa kulungu zinazofunika ndoana za meno matatu. Siku hizi wengi badala ya singa huweka nyuzi za plastiki zinazometameta. Ukikitazama mkononi hakifanani na samaki yeyote. Majini kinakuwa kitu kingine: visahani vinapiga maji, na mdundo huo unaupata hadi kwenye kiganja, *du-du-du-du*, kama pikipiki iliyo mbali. Maski naye anaupata, kwa ule mstari wa hisia unaopita ubavuni mwake, hata kama maji ni ya rangi ya chai.

Kuna mji mdogo Wisconsin uitwao Antigo ambao unaingia kwenye hadithi hii mara mbili. Huko ndiko Mepps inakotengenezea vyambo vyake vya Marekani. Jina hilo asili yake ni Ufaransa, kazi ya fundi André Meulnart mwaka 1938, na hadi leo kampuni hiyo hununua mikia ya kuchakuro kutoka kwa wawindaji ili kupata manyoya. Musky Killer yao ni bakteli ya kisahani kimoja, nyepesi, na ndiyo ningempa mtu ambaye hajawahi kushika fimbo nzito. Upande wa pili wa ukuta huohuo kuna Double Cowgirl ya Musky Mayhem, yenye visahani viwili namba 10, kila kimoja kikubwa kuliko kijiko cha kupakulia. Chambo hicho kimebadilisha uvuvi wa maski katika maziwa makubwa. Pia kitakung'oa bega. Kukivuta ni kama kukokota ndoo iliyozama nusu.

Kati ya hivyo viwili mimi nasimama katikati: visahani viwili namba 8. Mdundo unatosha, mkono unaishi. Namba 10 utazinunua mwaka wa pili ukiwa na rili yenye nguvu, na ukiwa umejua kama ugonjwa huu utakaa au utapita.

Uzuri mkubwa wa bakteli kwa mgeni ni kwamba hakuna ufundi wa kukosea. Rusha, anza kuvuta mara tu inapogusa maji, usisimame. Ukivuta haraka inapanda juu, ukipunguza inashuka kidogo. Samaki akiipiga mara nyingi hujichoma mwenyewe kwa sababu mshipi umekaza muda wote. Wewe unavuta fimbo kwa ubavu na kushikilia. Na kama maski hakuja, paiki atakuja. Paiki ni binamu yake, mdogo kwa kawaida, mwingi zaidi, tena analiwa. Usije ukawachanganya: paiki ana madoa meupe juu ya mwili wa giza, maski ana mistari au madoa ya giza juu ya mwili mwepesi, na ncha za mkia wa maski zimechongoka. Ukibaki na shaka mgeuze uhesabu vitundu chini ya taya. Maski ana sita au zaidi kila upande, paiki huishia vitano.

Ubaya wake? Bakteli haiwezi kusimama. Ukiacha kuvuta inazama kama funguo. Inafanya kazi katika mita moja au mbili za juu tu, na pale majani ya majini yanapofika usoni itarudi kila mara imevaa kilemba cha kijani. Tena kila mtu anairusha. Katika ziwa kama Minnetonka, lililo pembeni mwa Minneapolis na lenye mashua kila kona wakati wa kiangazi, maski wa Agosti ameshapitiwa na visahani vingi kuliko mlango wa jikoni wa mama ntilie.

Mpira: kichwa kizito, mkia laini

Hapo ndipo mpira unapoingia. Mkubwa wa ukoo huu ni Bull Dawg ya Musky Innovations: mwili wa plastiki laini, risasi kichwani, mkia mrefu uliojikunja kama mundu. Unarusha, unauacha uzame, kisha unavuta kwa fimbo kidogo, unaacha ushuke, unavuta tena. Ukishuka mkia unatikisika wenyewe. Samaki hupiga mara nyingi wakati wa kushuka, na hapo mgeni hupoteza wengi wa kwanza, kwa sababu mshipi umelegea na pigo lenyewe si pigo: ni kama uzito umeondoka.

Sasa viweke pamoja. Bakteli inatafuta, mpira unabembeleza. Asubuhi ya Julai, maji ya moto kiasi, upepo unapiga ukingo wa majani, hujui samaki yuko wapi: bakteli itakupitisha kilomita mbili za ukingo wakati mwenye mpira bado yuko kwenye robo ya kwanza. Lakini chukua siku ya mwisho wa Oktoba, maji yamepoa, samaki wameshuka kwenye miteremko, na mwili wa samaki unapopoa hana haja ya kukimbiza kitu kinachopita mbio. Mpira unaoshuka taratibu mbele ya pua yake ndio unaozungumza lugha yake. Halikadhalika baada ya radi na mvua, mbingu ikibaki ya buluu kali na upepo wa kaskazini: weka visahani chini, chukua mpira.

Kuna na kazi ya pili ya mpira ambayo peke yake inanitosha kuununua. Maski amefuata bakteli hadi mashuani, akageuka, akaenda. Sasa unajua anapoishi. Subiri, rudi jua likikaribia kuzama, na mtupie kitu ambacho hajakiona asubuhi.

Bei hazipishani sana, ila mpira hufa upesi. Paiki mmoja tu wa kilo mbili anaweza kukata mkia, na mpira usio na mkia ni tope la dola ishirini. Mkia uliokatika unaweza kuuunga kwa kisu kilichopashwa moto: yeyusha pande zote mbili, zikutanishe, hesabu hadi thelathini bila kupumulia moshi wake. Mimi ninayo mipira yenye makovu kuliko bondia.

Na onyo moja lililonigharimu. Mpira usiuweke sanduku moja na vyambo vya plastiki ngumu. Mafuta yaliyomo kwenye plastiki laini huila ile ngumu na rangi yake. Kiangazi changu cha pili nilisahau sanduku ndani ya gari. Nilipolifungua, chambo changu cha rangi ya dhahabu kilikuwa kimeshikana na mpira wa chungwa, na nilipovitenganisha ubavu mzima ulitoka kama ganda la embe. Tangu siku hiyo mpira unakaa kwenye mifuko yake, peke yake.

Kuhusu saizi: usiruke kwenda kwenye ile iitwayo Pounder. Jina ni la kweli, ina ratili nzima, karibu gramu 450, na inahitaji fimbo ya aina yake. Mpira wa kawaida wa inchi tisa, wa toleo la kina kifupi ili usizame haraka, ndio wa kuanzia.

Kipande cha mti kutoka Antigo

Nimesema Antigo inaingia mara mbili. Frank Suick alikuwa wa huko, na chambo chake cha mti, Suick Thriller, bado kinatundikwa kwenye kila ukuta wa maski. Inasimuliwa kwamba alivua maski mmoja kila siku kwa siku 30 mfululizo kwa kutumia kipande hicho. Ni ubao tu: bapa, mrefu, una kibati mkiani ambacho unakipinda kwa kidole. Kipinde chini, chambo kinazama zaidi. Ukivuta kinapiga mbizi, ukiacha kinapanda kwa uvivu, na wakati wa kupanda ndipo maski anapokosa subira.

Wazee wa Wisconsin watakuambia uanze na hiki. Mimi siwaungi mkono. Bakteli inajifanyia kazi. Ubao hufanya kile tu ambacho mkono wako umekifanya, na mkono wa mgeni haujui mdundo. Vuta, legeza, zungusha rili kukusanya ulegevu, vuta. Ukikosea hatua moja mshipi unajizonga kwenye ndoana na mrusho mzima umekwenda bure. Ukikumbuka kwamba mirusho ni 360, utaona kwa nini nasema subiri. Pia unahitaji waya mgumu ulionyooka mbele yake, kwa sababu fluorokaboni laini hukunjamana na kushikwa na ndoana pale chambo kinaposimama. Vivyo hivyo na ndugu zake wanaoyumba kushoto na kulia, kama Phantom: vikienda vizuri hakuna kinachopendeza zaidi kukitazama majini, lakini vinataka mtu aliyetulia.

Ila ikiwa umewahi kucheza ngoma, na mkono wako una mdundo tayari, usinisikilize.

Vyenye ulimi, kwa wasiotaka kurusha

Vyambo vigumu vyenye ulimi wa plastiki chini ya mdomo, vinavyopiga mbizi vikivutwa, mjomba wangu Kilifi aliviita vyote rapala, hata ambavyo Mfini Lauri Rapala hakuwahi kuviona. Alivitumia kwa kurambaza: ngalawa inakwenda, mshipi unakokotwa nyuma, na yeye amelala nusu usingizi na mshipi umezungushwa kwenye kidole cha mguu. Nguru akishika, kidole kinatoa taarifa.

Maski naye hurambazwa. Ukiwa na mtoto ndani ya mashua, au bega bovu, au ziwa pana kama Mille Lacs lenye zaidi ya kilomita 500 za mraba, hii ndiyo njia ya kistaarabu. Believer ya Drifter Tackle ni rafiki wa mgeni kwa jambo moja zuri: ina matundu mawili ya kufungia mshipi. Funga kwenye la mbele, chambo kinakwenda karibu na uso. Funga kwenye la nyuma kidogo, kinazama. Chambo kimoja, kazi mbili. Kumbuka tu kwamba sheria ya Minnesota inamruhusu kila mtu mshipi mmoja maji yakiwa hayajaganda, kwa hiyo usipange kukokota minne kama nguo kwenye kamba.

Ukilinganisha na bakteli: chenye ulimi kinafika chini zaidi, kinaweza kusimamishwa kikapanda juu ya kisiki au majani kisha kikaendelea, na kinagonga mawe bila kulia. Lakini ukikirusha siku nzima ule ulimi unavuta mkono vibaya, na ndoana zake tatu zilizo wazi hushika kila kitu, pamoja na wavu wako, zulia la mashua na suruali ya jirani. Kama una injini na nafasi, nunua kimoja. Kama unavulia kwenye gati au mtumbwi wa kukodi, kiache.

Juu ya maji

Hapa sina ulinganisho wa haki, kwa sababu nina upendeleo. Chambo kinachotembea juu ya maji, mkia wake ukizunguka na kubwabwaja mapovu, kama Top Raider, huvua samaki wachache kuliko bakteli. Mapigo mengi hukosa. Unatakiwa usivute fimbo hadi uusikie uzito, na hakuna binadamu anayeweza kutii hilo mara ya kwanza, maana maji yanapasuka kama mtu ametupa tofali. Kwa hesabu ya dola na samaki, ni ununuzi mbaya.

Lakini saa tano usiku ya mwezi Julai, ziwa limelala kama kioo, unasikia *plop-plop-plop* ikija gizani bila kuona kitu, kisha mlio unakatika. Nani anataka hesabu?

Namba nane, na kwa nini bakteli inashinda

Sasa nifike kwenye jambo lililoamua jibu langu. Maski wengi hushika pale pale ubavuni mwa mashua, mwisho wa mrusho, mvuvi anapochora namba nane majini kwa ncha ya fimbo. Chambo kinapofika, unaacha kama sentimita 30 za mshipi na waya nje ya ncha ya fimbo. Waya usiingie kwenye pete ya mwisho, utaipasua. Unaizamisha ncha majini, unazunguka kwa upana wa mikono, kona kubwa, bila kusimama hata kidogo. Samaki wa mita moja hawezi kukata kona ya sahani ya chai. Ukimpa kona ndogo atakosa, na akikosa ataondoka.

Kila mrusho unaumaliza na nane, samaki umemwona au hukumwona. Hapo vyambo vinatofautiana sana. Bakteli inachora nane kwa wepesi kuliko vyote, kwa sababu visahani vinaendelea kupiga kwenye kona na singa zinapumua. Mpira unakubali lakini unashuka kwenye kona, basi inabidi uwe mwepesi. Ubao wa Suick unapinga, unataka kupanda. Chenye ulimi kinavuta ncha ya fimbo chini kama mtoto anayegoma kwenda shule.

Maski wangu wa kwanza alikuja hivyo. Ilikuwa bakteli nyeusi yenye visahani vya chungwa, jioni ya mawingu, nimeshakata tamaa na ninafikiria chai. Nilichora nane ya kwanza kwa mazoea. Kwenye kona ya pili nikaona kitu nilichodhani ni kivuli cha mashua. Kisha kivuli kikafungua mdomo, weupe wa ndani ya taya ukang'aa, na kisahani kikanyamaza. Hicho ndicho ninachokikumbuka kuliko kishindo chenyewe: ule mdundo kiganjani umekatika ghafla, kama redio iliyozimwa. Sentimita 104. Hapa si mkubwa, lakini magoti yangu hayakulijua hilo.

Rangi, kwa ufupi

Maji meusi au usiku: nyeusi. Maji maangavu na jua: fedha, au rangi ya samaki wanaoliwa humo. Ukiwa hujui: nyeusi na chungwa. Shemeji alitaka tuzungumze rangi kwa dakika ishirini. Nilimkatalia.

Pesa ya chambo cha nne

Kabla hujanunua chambo cha nne, nunua vya kumtolea samaki. Wavu mkubwa wenye nyuzi zilizopakwa mpira, ili asichubuke. Koleo refu la pua nyembamba. Na mkasi mzito wa kukatia chuma, kwa sababu kuna siku ndoana itakuwa imeingia pabaya, pengine kwenye mkono wako, na jibu pekee ni kuikata. Ndoana ni dola chache. Kidole kimoja pia kina bei yake hospitalini, nchi hii unaijua.

Minnesota huruhusu kumchukua maski wa kuanzia inchi 54 tu, yaani sentimita 137, na msimu hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Juni. Kiutendaji karibu kila mtu huwarudisha wote majini. Samaki huyu hakui upesi, hawako wengi, na katika maziwa mengi ya hapa wapo kwa sababu idara ya maliasili ya jimbo inawapandikiza, wa ukoo wa ziwa Leech. Rekodi ya jimbo ya samaki aliyepimwa kwenye mizani, ratili 54 kutoka ziwa Winnibigoshish, ilisimama tangu mwaka 1957 hadi 2021, ilipovunjwa na maski wa karibu ratili 56 kutoka Mille Lacs. Maji yakifika nyuzi 80 za Fahrenheit, karibu 27 za Selsiasi, acha kabisa. Ukimchosha kwenye maji ya moto atakwenda akiogelea na kufia chini.

Jaribu kumweleza hayo mama mkwe. Nilipompigia simu ya picha kumwonyesha yule wa kwanza, aliuliza swali moja: mmempika vipi? Nikasema tumemwachia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akamwita jirani aje asikie.

Shemeji alitoka dukani siku ile na bakteli mbili za namba 8, moja nyeusi na moja ya fedha, na mpira wa inchi tisa. Wiki mbili baadaye nikafungua sanduku lake nikakuta, chini ya taulo, chambo cha juu ya maji ambacho hakuna aliyemruhusu. Sikusema kitu. Msimu ulipofunguliwa alikwenda peke yake mara nne, akarudi na paiki wawili na mikono inayotetemeka akishika kijiko.

Mara ya tano ujumbe wake uliingia saa mbili usiku, herufi zimepindana kama aliyeandika kwa kidole kilicholowa: "Amenifuata mmoja shemeji. Mkubwa kama ubao wa kupigia pasi. Nilimtazama tu, nikasahau nane."